Jasho la Viganja na Nyayo: Tiba Zilizopo Kabla ya Kufikiria Upasuaji

Safu hii ya elimu ya afya kwa kawaida huzungumzia maradhi yanayojaza wodi: malaria, kifua kikuu, shinikizo la damu, kuhara kwa watoto. Katika toleo hili tumechagua jambo lisilojaza wodi yoyote, na pengine ndiyo sababu halizungumzwi. Ni jasho la kupita kiasi la viganja vya mikono na nyayo za miguu. Hali hii haiui wala haiambukizi, na mtu anaweza kuishi nayo hadi uzeeni bila kumweleza hata mwenzi wake. Hata hivyo inaweza kumnyima kazi, kumharibia mtihani na kumfanya akimbie watu. Kwa kuwa tiba zipo, na nyingi kati yake hazihitaji kisu, si haki mwananchi aendelee kuificha kwa kudhani ni laana au tabia aliyoumbiwa nayo.

Mfikirie, ndugu msomaji, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeketi mbele ya karatasi ya mtihani. Mkono unaoandika umelowa, karatasi imeanza kujikunja pale kiganja kilipolala, na wino wa swali la kwanza umetapakaa hadi la pili. Mfikirie fundi cherehani aliyekabidhiwa kitambaa cheupe cha bibi harusi, ambaye kila anapokishika huacha alama. Mfikirie pia fundi umeme. Huyu tunamtaja kwa uzito zaidi, kwa maana jasho lina chumvi, na ngozi iliyolowa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Kwake yeye jasho la viganja si suala la aibu bali la usalama kazini.

Teknolojia nayo imeongeza usumbufu. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini mwezi Mei 2019, kidole kimekuwa kitambulisho. Lakini jasho hujaza vifereji vidogo vinavyochora alama ya kidole, na mashine badala ya kusoma mistari huona doa. Mwenye tatizo hili huombwa arudie mara tatu, mara nne, huku foleni nyuma yake ikinung'unika, na kadiri anavyonung'unikiwa ndivyo anavyozidi kutoka jasho. Akifuta kidole kwa kitambaa kikavu, akafuta na kioo cha mashine, kisha akaweka kidole mara moja bila kusubiri, mara nyingi husaidika. Watendaji wanaosajili wananchi nao waelewe kwamba mtu wa namna hii hafanyi hila yoyote.

Juu ya yote hayo ipo salamu. Katika jamii yetu salamu ni mkono. Msibani tunapeana mkono wa pole, arusini tunapeana mkono wa heri, na mgeni asiyetoa mkono huonekana ana kiburi au kinyongo. Kijana mwenye viganja vinavyotiririka hujifunza mapema kujifuta kwenye suruali kabla ya kusalimu, kubeba mzigo mikono yote miwili ili asisalimiwe, au kuchelewa makusudi ili salamu zimpite. Wazazi wakiyaona hayo humwita mpole au mtoto mwenye haya, na miaka inapita.

Jasho hili linatoka wapi

Mwili wa binadamu una tezi za jasho zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 4. Kazi yake kubwa ni kuupoza mwili: jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Tezi hizi zimesongamana zaidi katika viganja na nyayo kuliko sehemu nyingine za mwili, na huko zina tabia yake. Wakati jasho la mgongoni na kifuani huitikia zaidi joto, jasho la viganja na nyayo huitikia zaidi hisia kama hofu, mshituko, furaha na hata kufikiri kwa bidii. Unyevu kidogo kiganjani si kosa la maumbile. Mkulima anayetemea mate viganja kabla ya kushika mpini wa jembe anajua kwamba mkono wenye unyevu kidogo hushika vizuri zaidi kuliko mkono mkavu kabisa.

Tatizo huanza pale amri inayotoka kwenye mishipa ya fahamu inapozidi mahitaji. Wataalamu walipochunguza ngozi ya watu wenye hali hii walikuta tezi zao ni za kawaida, hazijazidi kwa idadi wala kwa ukubwa. Kilichozidi ni ishara. Mishipa ya fahamu inayojiendesha bila sisi kuiamuru hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali hiyo huigusa tezi, na tezi hufungua. Kwa mwenye tatizo hili mlango hufunguliwa mara kwa mara pasipo joto wala hofu. Msomaji aishike kemikali hiyo akilini, kwani karibu kila tiba tutakayoieleza ama inaziba njia ya jasho juu ya ngozi, ama inazuia asetilikolini isifikishe ujumbe wake.

Tatizo hili si adimu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba karibu watu 3 katika kila 100 nchini humo wana jasho la kupita kiasi katika sehemu moja au nyingine ya mwili, yakiwamo makwapa. Mara nyingi huonekana katika ukoo: baba analo, shangazi analo, na mtoto naye analo. Mwenye mikono ya namna hii asiambiwe kwamba dhamiri inamsuta.

Kwanza, hakikisha si ugonjwa mwingine

Kabla ya dawa yoyote, lipo swali moja ambalo tabibu lazima alijibu: je, jasho hili ndilo tatizo lenyewe, au ni dalili ya tatizo jingine?

Jasho ambalo ni tatizo lenyewe lina sura yake. Huanza utotoni au katika ujana, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 25. Hutokea pande zote mbili kwa usawa, yaani kiganja cha kulia na cha kushoto, unyayo huu na ule. Huja angalau mara moja kwa wiki na huwa limedumu miezi 6 au zaidi. Tena, na hii ndiyo alama nzuri kuliko zote, hukoma mtu anapolala. Mama anayetaka kujua hali ya mwanawe amguse viganja usiku wa manane. Akivikuta vikavu, wasiwasi wake upungue.

Sura ya pili ni tofauti kabisa. Jasho lililoanza ghafla ukubwani, jasho la mwili mzima, jasho linalolowesha shuka usiku, jasho la upande mmoja tu, au jasho linaloambatana na kukonda, homa, kikohozi cha muda mrefu au mapigo ya moyo ya kasi, halipaswi kupakwa dawa ya ngozi na kuachwa hivyo. Nyuma yake panaweza kuwa na kifua kikuu, malaria, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kushuka kwa sukari kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, au maradhi mengine yanayohitaji vipimo. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hupata majoto na jasho la ghafla, na zipo dawa, zikiwamo baadhi ya zile za sonona, ambazo huongeza jasho. Mtu mwenye dalili hizi aende kituo cha kutolea huduma bila kuchelewa, na abebe dawa zote anazotumia ili tabibu azione.

Dawa ya kupaka

Tiba inayoanza, na ambayo kwa wengi hutosha, ni dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini. Chumvi hii ikikutana na jasho ndani ya kijimfereji cha tezi hutengeneza kizibo laini kinachozuia jasho lisitoke. Kizibo si cha kudumu. Ngozi inavyojibadilisha nacho huondoka, ndiyo maana dawa hurudiwa. Bidhaa za makwapa zinazouzwa madukani huwa na chumvi za alumini kwa kiwango kidogo. Ngozi ya kiganja na unyayo ni nene, hivyo huhitaji kiwango kikubwa zaidi, kwa kawaida asilimia 20, na kwa nyayo wakati mwingine hadi asilimia 30. Dawa ya nguvu hiyo haikai kila rafu. Mara nyingi hupatikana famasi kubwa au huchanganywa na mfamasia wa hospitali kwa maelekezo ya daktari wa ngozi.

Tungependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu wengi hulalamika kwamba dawa hii haifanyi kazi au inawaunguza, na mara nyingi kilichokosewa ni namna ya kuitumia. Watu wengi huipaka asubuhi, wakati wanapoihitaji. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Asubuhi jasho linatiririka, dawa inasukumwa nje kabla haijaingia kwenye mfereji, na pale chumvi hii inapokutana na maji mengi juu ya ngozi hutengeneza asidi inayowasha. Wakati wake ni usiku, mtu anapokwenda kulala, kwani usingizini jasho hukoma na dawa hupata saa 6 hadi 8 za kufanya kazi kwa utulivu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Nawa mikono au miguu mapema jioni, si dakika ile ile unayopaka. Kausha kwa kitambaa kikavu, kisha kaa mbele ya feni au pepea mpaka ngozi iwe kavu kwelikweli, pamoja na katikati ya vidole. Paka dawa nyembamba tu. Iache ikauke. Lala. Asubuhi ioshe kwa maji na sabuni. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, jambo ambalo huchukua siku kadhaa hadi wiki chache, kisha punguza iwe mara moja au mbili kwa wiki. Usipake juu ya mchubuko, kidonda au ngozi iliyopasuka. Ngozi ikianza kuwasha au kuwa nyekundu, pumzika siku mbili tatu, kisha rudi kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Tabibu anaweza pia kukupa krimu hafifu ya haidrokotisoni kwa muda mfupi. Na usilaze mkono wenye dawa mbichi juu ya shuka nzuri, maana dawa hii huharibu nguo.

Wapo wanaoogopa alumini kwa kuwa wamesikia kwamba huleta saratani au maradhi ya kusahau. Utafiti uliofanyika mpaka sasa haujathibitisha uhusiano huo kwa watu wanaopaka dawa za jasho. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa alumini mwilini.

Wasomaji wa pwani watakumbuka shabu, ile chumvi ngumu inayong'aa kama barafu ambayo kinyozi hupitisha juu ya kidevu kilichojeruhiwa na wembe, na ambayo akina bibi wamekuwa wakiisugua makwapani. Hawakuwa mbali na ukweli. Shabu nayo ni chumvi ya alumini na inakausha, ingawa nguvu yake kwa kiganja kinachotiririka ni ndogo. Maji ya majani ya chai yaliyokolea, ambayo wengine hulowekea miguu, yana tanini inayokaza ngozi kwa muda mfupi. Hasara yake ni kwamba huacha rangi ya kahawia. Mambo hayo mawili hayadhuru kwa jasho dogo. Tusichokubaliana nacho ni maji ya betri, jiki au dawa za kienyeji zinazounguza ngozi, kwani mtu huanza na jasho akaishia na kidonda.

Maji na umeme mdogo

Tiba ya pili huwashangaza wengi, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayofaa hasa viganja na nyayo. Inaitwa ayontoforesisi. Mgonjwa huweka viganja, au nyayo, katika trei mbili za kina kifupi zenye maji ya kawaida ya bomba, na kifaa maalumu hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme kutoka trei moja hadi nyingine kupitia mwilini. Mkondo wenyewe hupimwa kwa miliampea, kwa kawaida 15 hadi 20 kwa viganja, na hupandishwa taratibu kuanzia sifuri. Mtu husikia mchomo mdogo kama sisimizi wanatembea. Kikao huchukua dakika 20 hadi 30, na katikati yake mwelekeo wa umeme hugeuzwa ili mikono yote miwili ipate sawa.

Tiba hii si mpya. Madaktari Bouman na Lentzer waliieleza katika mwaka 1952, na katika mwaka 1968 daktari wa Marekani aitwaye Levit alieleza kifaa rahisi kilichofanya tiba iweze kuendelea nyumbani. Namna hasa inavyozuia jasho bado wataalamu wanaijadili, lakini matokeo yake yanajulikana. Katika tafiti mbalimbali, takriban watu 8 katika kila 10 walipata nafuu ya kuonekana. Huanza kwa vikao 3 kwa wiki. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, halafu mtu huendelea na kikao kimoja kwa wiki au pungufu ili kuilinda. Akiacha kabisa, jasho hurudi.

Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mwananchi wa kijijini. Dawa ya kupaka unabeba mfukoni. Hii inataka usafiri mara tatu kwa wiki, au kununua kifaa ambacho bei yake nje ya nchi huhesabiwa kwa mamia ya dola. Si kila hospitali ina kifaa hiki, kwa hiyo ulizia kabla ya kupanda basi. Familia zenye wagonjwa wawili au watatu, na tumeshasema kwamba tatizo hufuata ukoo, zinaweza kuona faida ya kuchangia kifaa kimoja baada ya kushauriwa na mtaalamu.

Kuna mambo madogo yanayoamua kama tiba itafaulu. Vua pete, bangili na saa. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya mikwaruzo ili umeme usichome hapo. Maji yafunike kiganja tu, yasipande hadi mgongo wa mkono. Anayetumia maji ya mvua aelewe kwamba hayo hayana chumvi za kutosha kupitisha mkondo, na wataalamu huongeza chembe kidogo ya baikaboneti ya sodiamu, ile inayotiwa katika unga wa keki. Usitoe mkono ghafla kifaa kikiwa kinafanya kazi, maana utashituka.

Watu wasiotakiwa kuitumia ni wajawazito, wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, wenye vyuma vikubwa vilivyopandikizwa mwilini katika njia ya mkondo, na wenye kifafa. Jambo la mwisho katika sehemu hii tunaliandika tukiwaelekea hasa vijana wenye mikono myepesi ya ufundi: asijaribu mtu yeyote kujitengenezea kifaa hiki kwa umeme wa ukutani. Umeme wa nyumbani, volti 230, ukipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine hupita kifuani, na kifuani ndipo ulipo moyo.

Vidonge na sindano

Vidonge vinavyotumika huzuia ile asetilikolini tuliyoitaja. Vinavyojulikana zaidi ni oksibutinini, ambayo kwa asili ni dawa ya kibofu cha mkojo, na glikopironiamu. Watafiti wa São Paulo, Brazil, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio ambamo baadhi ya wagonjwa walipewa oksibutinini na wengine kidonge kisicho na dawa kwa wiki 6. Zaidi ya watu 7 katika kila 10 waliopewa dawa yenyewe walipata nafuu ya viganja au makwapa, na nyayo zilinufaika pia. Kwa makusudi hatutaji miligramu hapa, kwa sababu tunafahamu safari ya gazeti hili kutoka mikononi mwako hadi dirisha la duka la dawa.

Dawa hizi hazichagui tezi za kiganja peke yake. Asetilikolini inafanya kazi mdomoni, machoni, tumboni na kwenye kibofu, hivyo mdomo hukauka kwa karibu kila anayezitumia, wengine hupata choo kigumu, macho kutoona vizuri au mkojo kukataa kutoka. Mwenye presha ya macho, au mzee ambaye tezi dume imeanza kumsumbua, anaweza kudhurika. Kwa wilaya ya wakulima kama yetu lipo onyo jingine: dawa inayokausha viganja hukausha na mgongo. Anayelima juani saa 7 mchana bila kutoka jasho yuko katika hatari ya mwili kupata joto kupita kiasi na kuzimia. Vidonge vitumike kwa cheti cha daktari, vianze kwa kipimo kidogo, na mgonjwa amweleze daktari kazi anayoifanya.

Sindano za sumu ya botulinamu, ambazo wengi huzijua kwa jina la Botox, huzuia mishipa ya fahamu isitoe asetilikolini mahali zilipochomwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha mwaka 2004 kwa jasho la makwapa. Kwa viganja hutumika kwa uamuzi wa daktari bingwa. Zinafaa, na nafuu yake kwa viganja hudumu kwa kawaida miezi 4 hadi 6. Ila kiganja huchomwa makumi ya sindano na huuma sana bila ganzi, vidole vinaweza kulegea kwa wiki kadhaa kiasi cha kushindwa kufunga kifungo au kushika sindano ya cherehani, na gharama yake ni kubwa. Kwa fundi cherehani wetu tuliyemtaja mwanzo, hii si tiba ya kuanza nayo.

Upasuaji tunautaja ili msomaji ajue kwa nini huwekwa mwisho. Daktari huingia kifuani kwa matundu madogo na kukata au kubana mishipa ya fahamu inayopeleka amri mikononi. Viganja hukauka. Lakini wengi wa waliofanyiwa hupata jasho jipya mgongoni, tumboni au mapajani, na kwa baadhi yao hilo jipya huwa baya kuliko la awali, wala hakuna njia ya uhakika ya kulirudisha nyuma.

Nyayo zina mambo yake

Mguu unaotoka jasho umefungiwa ndani ya kiatu, na hapo unyevu huleta wageni. Fangasi za vidole ni mmoja. Mwingine ni bakteria wanaokula tabaka la juu la unyayo na kuacha vishimo vidogo vidogo kama vya ncha ya sindano, pamoja na harufu kali ambayo mwenye nayo hulaumiwa kwamba haogi. Anaoga. Anachohitaji ni dawa ya kupaka ya kuua bakteria hao, inayotolewa baada ya tabibu kuona unyayo, na wakati huohuo jasho lipunguzwe kwa kloridi ya alumini ya usiku.

Kwa mwanafunzi, soksi jozi mbili kwa siku ni dawa ya bei nafuu: moja asubuhi, nyingine baada ya chakula cha mchana. Kiatu kilicholowa huhitaji karibu siku nzima kukauka, hivyo mwenye uwezo wa jozi mbili avae kwa zamu, na asiye nao atoe soli ya ndani na kuianika kila jioni. Ngozi hupumua kuliko plastiki. Wachimbaji na wakulima wa mpunga wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira wayavue wakati wa mapumziko, wakaushe miguu, wavae makubadhi au ndala hata kwa nusu saa. Walimu wa zamu wanaosisitiza viatu vyeusi vilivyofungwa wanaweza kumruhusu mtoto mwenye cheti cha tabibu avae viatu vya wazi darasani. Vilevile mwanafunzi anayehitaji kitambaa cha kulazia mkono wakati wa mtihani amweleze mwalimu mkuu mapema, wiki kadhaa kabla, ili siku yenyewe kitambaa hicho kisizue shaka kwa msimamizi.

Pa kuanzia

Mwananchi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Hapo tabibu atasikiliza maelezo, atapima sukari na malaria ikihitajika, na atatazama dalili za kifua kikuu. Kipimo cha tezi ya shingo na ushauri wa daktari huhitaji hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na barua ya rufaa itolewe kwa ngazi, kwani mwenye bima asiyefuata ngazi anaweza kujikuta akilipa fedha taslimu. Mwanachama wa bima aulize mapema kama dawa aliyoandikiwa imo katika orodha ya mfuko wake.

Kwa kesi ngumu nchi yetu ina bahati. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi ya waliohitimu hapo wanafanya kazi katika hospitali za mikoa. Daktari wa wilaya anaweza kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa ngozi aliye karibu zaidi.

Dawa inunuliwe famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wa stendi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uhakikishe chupa ya kloridi ya alumini ina kiwango kilichoandikwa kwa asilimia.

Kabla ya kwenda, andika wiki mbili za jasho lako katika daftari: saa ngapi lilianza, ulikuwa unafanya nini, lilikoma lini, usiku likoje. Jipe namba kila siku kama madaktari wanavyofanya. Moja ni kwamba jasho halionekani wala halizuii lolote. Mbili, linavumilika lakini huzuia shughuli mara chache. Tatu, halivumiliki kirahisi na huzuia shughuli mara nyingi. Nne, halivumiliki kabisa na huzuia kila kitu. Ukifika kwa tabibu ukiwa na tatu au nne nyingi, mpe daftari hilo hata kama siku hiyo, kwa sababu ya upepo wa asubuhi na baiskeli, viganja vyako vitakuwa vikavu.